Dawa ya wadudu: mafuta, unga ao chembe? Namna dawa imetengenezwa inabadilisha hatari kwa mukulima

Siku ya soko, fasi nyingi za Kivu, dawa ya wadudu inauzishwa kwa kifuniko. Muuzaji anafungua chupa kubwa, anajaza kifuniko, anamimina mu chupa ndogo ya maji yenye munuzi alikuja nayo. Hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna rangi. Munuzi anaambiwa tu kama ni ya nyanya ao ni ya shu, na aweke kifuniko kimoja kwa pompe moja. Bei inakuwa ndogo, na ndiyo sababu wengi wananunua hivyo.

Lakini kuna kitu kinabakia ku meza ya muuzaji. Kwa miaka mingi, watengenezaji wa dawa wametafuta namna ya kuua wadudu bila kuumiza sana mwenye kupiga dawa: unga wenye haurushe vumbi, dawa ya maji yenye haina mafuta makali, mifuko midogo yenye inayeyuka yenyewe. Kinga ile yote iko mu umbo la dawa na mu chombo chake. Mukulima akirudi nyumbani na kachupa tu, kinga hairudi naye.

Sumu inaingilia wapi

Watu wengi wanafikiri kama hatari kubwa ni harufu, ile mvuke yenye inaingia mu pua. Pua ni mulango moja, na kinywa ni mulango ingine. Lakini mu kazi ya shamba, dawa mingi inaingilia ku ngozi, bila maumivu, bila alama.

Na saa ya hatari kuliko zote si ile ya kupiga dawa. Ni ile ya kuchanganya. Kama mililita 20 za dawa zinawekwa mu pompe ya litre 16, dawa ile inapunguzwa mara 800. Ni kusema tone moja lenye limeanguka ku kidole wakati wa kufungua chupa liko na nguvu ya matone 800 yenye yanatoka ku pompe. Mutu anaweza kuogopa upepo mu shamba, kumbe alishachafuka mbele ya kuvaa pompe ku mugongo.

Ngozi nayo haiko sawa fasi yote. Ngozi ya paji la uso na ya kichwa inapitisha dawa mingi kuliko ngozi ya mukono. Ngozi ya sehemu za siri za mwanaume inapitisha kuliko zote. Ndiyo maana pompe yenye inavuja ni adui mukubwa: maji ya dawa yanashuka ku mugongo, yanalowanisha nguo, yanafika ku matako na mu mapaja, na mutu anabakia na nguo ile mpaka magaribi.

Herufi mbili zenye zinasema mengi

Ku etikete ya dawa ya kweli, nyuma ya jina kunakuwa namba na herufi mbili ao tatu. Herufi zile ni za dunia muzima. Hata kama etikete imeandikwa Kifaransa, Kiingereza ao Kichina, zinabakia zile zile. Zinaonyesha umbo la dawa.

EC ni dawa yenye kiini chake, chenye ku etikete kinaitwa matière active, kimeyeyushwa mu mafuta ya namna ya petroli. Ukiitia mu maji, inageuka nyeupe kama maziwa. Ni umbo lenye linapatikana sana ku masoko, kwa sababu halina bei kali na linachanganyika vizuri. Lakini mafuta yale yanasaidia sumu kupita ku ngozi, yanachoma macho, na mutu akiyameza yanaweza kuingia mu mapafu. Na rangi ile ya maziwa imeshadanganya watoto.

WP ni unga wa kuchanganya na maji. Haina mafuta makali, kwa hiyo haipite ku ngozi haraka kama EC. Ubaya wake ni vumbi. Ukifungua mufuko na kumimina, unga unaruka, unaingia mu pua na mu macho, unabakia ku nguo.

WG ni unga ule ule wenye umeshikamanishwa kuwa chembe ndogo. Inamiminika kama sukari, hairushe vumbi mingi, na ikianguka chini inaokotwa. Mukulima mwenye anatumia dawa ya unga kwa nyanya ao kwa viazi vya kizungu, akipata kiini kile kile mu umbo la WG, amepunguza vumbi lenye anapumua bila kubadilisha kitu kingine.

SC ni dawa yenye imesagwa sana na kuwekwa mu maji. Haina vumbi, na haina mafuta makali kama EC. Inaomba kutikiswa vizuri mbele ya kumimina, kwa sababu inatulia chini ya chupa.

EW inafanana na EC, lakini maji yamechukua fasi ya sehemu kubwa ya mafuta yale. Harufu inapunguka, na ngozi haiumizwe sana.

CS ni dawa yenye imefungiwa ndani ya vifuko vidogo sana, vyenye jicho haiwezi kuona. Sumu inatoka polepole. Kwa dawa za familia ya pyrethroid, zenye zinafanya uso kuwaka kama pilipili, umbo hili linapunguza kuwaka kule.

SL na SP ni dawa zenye zinayeyuka kabisa mu maji. SL ni ya maji, SP ni ya unga. Hapa herufi haitoshe kutuliza mutu, kwa sababu paraquat, moja ya dawa kali sana za majani, inauzishwa mu umbo la SL.

Tena kuna mifuko midogo yenye inayeyuka mu maji. Mutu anatupa mufuko muzima ndani ya ndoo bila kuufungua, na plastiki yake inayeyuka pamoja na dawa. Hapo mukono haugusane na unga hata kidogo. Sharti ni kutoishika na mikono yenye maji na kuilinda na mvua.

Namba yenye iko mbele ya herufi inaonyesha kipimo. 5 EC ni asilimia 5, ni karibu gramu 50 za kiini mu litre moja. 480 EC ni gramu 480 mu litre moja. 80 WP ni asilimia 80 ya unga. Sasa turudie kifuniko cha ku soko. Kama kifuniko kinabeba mililita 10, cha 5 EC kinabeba nusu gramu ya kiini. Cha 480 EC kinabeba gramu karibu 5. Ni mara 10 hivi, mu kifuniko kile kile, kwa macho ya munuzi yule yule. Hata akili ya mukulima muzoefu haiwezi kutambua hiyo bila etikete.

Rangi ya chini ya etikete

Umbo linaeleza namna sumu inafikia mutu. Rangi inaeleza nguvu ya sumu yenyewe. Shirika la Afya Duniani, OMS, limegawanya dawa kufuatana na namna zinaweza kuua haraka, na etikete nyingi ziko na ukanda wa rangi chini. Nyekundu ni kundi Ia na Ib: sumu kali kabisa. Manjano ni kundi II: sumu ya katikati. Bleu ni kundi III: sumu ndogo. Majani mabichi ni kundi U: haitazamiwe kuua haraka kama inatumiwa vizuri.

Dichlorvos, yenye inajulikana pia kama DDVP, iko mu kundi Ib. Ni ya ukanda mwekundu. Kuona mutu anaitumia mu nyumba ao ku maharagi yenye yatapikwa ni kuona hatari.

Lakini rangi haiseme yote. Inapima kifo cha haraka, haipime ugonjwa wa miaka. Mancozeb, unga wa kuzuia ukungu wenye unajulikana sana na wakulima wa nyanya na viazi, iko mu kundi U. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza ruhusa yake mwaka 2020, kwa sababu ya madhara yake ku homoni na ku uzazi. Chlorpyrifos iko mu kundi II tu. Ulaya iliikataza mwaka 2020 kwa kuogopa madhara ku ubongo wa watoto wenye wanakomaa, na mwaka 2025 nchi memba za Mapatano ya Stockholm ziliitia ku orodha ya dawa za kuondolewa duniani, na kuachia matumizi machache kwa muda. Congo ni memba wa mapatano yale.

Kwa hiyo hakuna umbo lenye linageuza sumu kuwa maji ya kunywa. Chembe za WG za dawa ya hatari zinabakia dawa ya hatari. Kipimo ni viwili pamoja: kiini chenye hakina ukali, mu umbo lenye haligusane sana na mutu.

Sababu gani si kuanza na mifuko ya mikono

Mara nyingi, mafundisho yanaanza na nguo za kujikinga: mifuko ya mikono, mabote, miwani, kashene, kanzu ya plastiki. Ni mashauri mazuri. Lakini mama mwenye analima shu ku kilima, na jua la saa tano, atapata wapi vile vyote? Na akivipata, atavivaa kwa masaa ngapi?

Shirika la chakula na kilimo FAO pamoja na OMS wako na kanuni ya kimataifa juu ya dawa hizi. Ya kwanza ilitoka mwaka 1985, na inaguswa kila mara. Kanuni ile inasema waziwazi: dawa zenye zinaomba nguo za kujikinga zenye kusumbua, za bei kali ao zenye hazipatikane, ziepukwe, zaidi sana kwa wakulima wadogo na watumishi wa shamba wa inchi za joto. Maana yake: kama dawa haiwezi kutumiwa bila nguo za muzungu wa mwezi, haiko dawa ya kilima kile. Kinga ya kwanza inachaguliwa ku duka, mbele ya kufika mu shamba.

Kinga ya pili ni ya bei ndogo. Shati ya mikono mirefu, suruali juu ya mabote na si ndani, mifuko ya mikono ya mpira wakati wa kuchanganya, kofia, na maji na sabuni karibu. Mifuko ya mikono ya ngozi ao ya kitambaa ni mibaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu inakunywa dawa na kuibakiza ku ngozi.

Dawa zenye ni laini zaidi

Pareto ni ua jeupe lenye linaota ku milima ya juu. Watu wa Kivu Kaskazini wanalijua tangu wakati wa Wabeleji, na majirani wa Rwanda, Kenya na Tanzania wanalilima mpaka leo. Mu maua makavu munatoka pyrethrine, yenye inaangusha wadudu haraka na kuvunjika haraka mu jua. Haibakie siku mingi ku majani. Ile nguvu ya kuvunjika ndiyo faida na ndiyo kasoro: inafaa kupigwa magaribi, na pengine kurudiliwa. Cypermethrin na deltamethrin zinaigiza pareto, lakini zinadumu zaidi.

Bacillus thuringiensis, yenye inaandikwa Bt, ni kimelea chenye kinaua viwavi. Kiwavi kikila jani lenye liko na Bt, kinaacha kula nyuma ya masaa machache, kinakufa nyuma ya siku 2 mpaka 5. Mukulima mwenye amezoea kuona wadudu wanaanguka papo hapo anafikiri kama alidanganywa. Anapaswa kuangalia majani, si viwavi: kama hayaliwe tena, dawa imefanya kazi. Inafaa kwa viwavi vya shu, na kwa viwavi vya mahindi vyenye vilifika Afrika mwaka 2016 na vyenye ma-agronomu wanaita chenille légionnaire, ikipigwa wakati viwavi viko vidogo bado na havijaingia ndani ya mahindi.

Mwarobaini unaota mu bonde la joto kama Ruzizi. Mbegu zake ziko na azadirachtine, yenye inakataza wadudu kula na kukomaa. Haiue haraka, na jua linaivunja.

Lakini dawa ya majani si lazima kuwa dawa ya amani. Maji ya tumbaku yenye wengi wanapika yako na nicotine. Nicotine inapita ku ngozi haraka na OMS imeitia mu kundi Ib, pamoja na DDVP. Mtupa, wenye jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii, unaua wadudu wa maharagi, lakini watu wa kale waliutumia kulevya samaki mu mito. Pareto nayo inaua samaki na nyuki. Hakuna kuosha pompe mu kijito chenye kinashuka ku ziwa, hata kama dawa ilitoka ku muti.

Kifuniko kinaharibu kazi yote

Chembe za WG zikimiminwa mu sachet nyeusi, mutu hajue tena kama ni dawa ya ukungu ao ya wadudu. Mufuko wenye unayeyuka ukikatwa nusu ili kuuzishwa kwa watu wawili, unarudia kuwa unga wenye unaruka. Dawa mu chupa ya maji ao ya juisi, juu ya kabati ya nyumba yenye iko na watoto, ni ajali yenye inangojea saa yake.

Wauzaji hawafanye hivi kwa ubaya wote. Mukulima wa ari mbili tatu hana kazi na litre muzima, na hana feza yake. Jibu lenye linawezekana ni kununua pamoja. Wakulima kumi wa shirika moja wanachanga, wananunua chombo kimoja chenye kingali kimefungwa, wanakiweka mu kisanduku chenye kufuli kwa mutu moja, mbali na chumba cha kulala na chakula. Kila mumoja anakuja na pompe yake, na dawa inapimwa pale pale na kimpimo kimoja chenye kiko na namba. Hapo etikete inabakia na dawa mpaka tone la mwisho. Kama duka liko na chombo kidogo cha kiwanda, cha mililita 50 ao 100, kile ni bora kuliko kifuniko cha bei ndogo.

Mu shamba na nyuma ya shamba

Kujaza pompe na maji safi kwanza na kuangalia kama inavuja. Kuchanganya na kijiti, si na mukono. Kupiga asubui mapema ao magaribi, na kutembea namna upepo unapeleka dawa mbali na mwili. Kutofungua mudomo wa pompe uliozibana kwa kupuliza na kinywa. Watoto na wanawake wenye mimba ao wenye kunyonyesha wasichanganye, wasifue nguo za dawa.

Ku etikete ya Kifaransa kunaandikwa DAR, ni kusema siku ngapi za kungojea mbele ya kuvuna. Nyanya yenye imepigwa dawa leo na kupelekwa ku soko kesho inapeleka hatari mu sahani ya mutu mwingine. Pareto na Bt ziko na siku chache, na hiyo ni faida kubwa kwa mboga zenye zinavunwa kila mara.

Chombo kitupu kinaoshwa mara 3: maji mpaka robo, kutikisa, kumwanga ndani ya pompe. Kisha kinatobolewa ili pasipatikane mutu wa kuwekea mo mafuta ya kula. Hakichomwe mu kiwanja cha nyumba.

Kama mutu amepata sumu

Mate mingi, jasho, machozi, kutapika, kuharisha, mboni ya jicho kuwa ndogo, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida: hizo ni alama za dawa za familia ya organophosphate. Mutu atolewe mu shamba, avuliwe nguo, aoshwe na maji mingi na sabuni, apelekwe ku kituo cha afya pamoja na chombo ao etikete. Muganga iko na atropine kwa sumu ile, lakini anahitaji kujua ni dawa gani. Kwa paraquat hakuna dawa ya kuizima.

Maziwa haiondoe sumu. Mafuta ya mawese haiondoe sumu. Kumulazimisha mutu atapike ni hatari, zaidi sana kama alikunywa dawa ya EC, kwa sababu mafuta yale yanaingia mu mapafu wakati wa kutapika.

Maswali matatu ku duka

Agronomu wa eneo, ao kituo cha utafiti cha INERA kama kile cha Mulungu mu Kabare, anaweza kusaidia kusoma etikete. Ku mupaka, ukaguzi wa mimea na dawa zake ni kazi ya SQAV. Lakini siku ya soko, mukulima anakuwa peke yake mbele ya meza. Maswali matatu yanatosha kwa kuanza: Chombo kingali kimefungwa? Ukanda wa chini uko rangi gani? Nyuma ya jina kuna herufi gani? Kama muuzaji haiwezi kujibu hata moja, kile kiko mu chupa hakina jina, na mutu mwenye atakipiga mu shamba lake ndiye atakuwa wa kwanza kujua ni nini.